Matanga ya Callixte Miburo

Dévote ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na minane makaratasi ya Marekani yamemwandika kuwa mke wa mwanamume ambaye hakuwahi kulala naye hata siku moja.

Anaishi Garland, kando ya Dallas, kwenye nyumba za kupanga zilizo nyuma ya kituo cha mafuta, na anafanya kazi katika ghala la kufungasha filta za AC. Hakusoma. Darasa pekee aliloingia ni lile la watu wazima kanisani, na alichotoka nacho humo ni kuandika jina lake, herufi sita, pamoja na kile kialama cha juu ya e ambacho mwalimu alimwambia akiache kwa sababu hapa hakina kazi. Yeye hukiweka.

Mwanamume huyo wa kwenye makaratasi anaishi Houston. Jina lake halisi ni Bertrand. Katika Texas yote watu waliolijua jina hilo walikuwa wawili tu, yeye mwenyewe na Dévote. Wengine wote, kuanzia mwajiri wake hadi padri wake, wanamwita Callixte Miburo. Callixte Miburo alikuwa mume wa Dévote. Alikufa mwaka 2004.

Mambo haya yalianzia kambini, Kigoma. Vita vya Burundi vilikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja. Wakubwa walikuwa wameshaanza kutia saini mikataba mijini, wakipigwa picha wameshikana mikono, lakini huko msituni watu walikuwa bado wanahitaji unga na risasi, na unga na risasi havitembei vyenyewe. Kwa hiyo wapiganaji walikuja kambini kutafuta wanaume wa kubeba. Callixte alikuwa mfyatua matofali, mwenye mgongo wa kazi. Walimtoa kwenye foleni ya mgao mchana kweupe. Alimkabidhi Dévote kadi na gunia tupu, akamwambia ashike nafasi yake wasije wakampita. Mtoto wao, Ella, alikuwa na miezi minne.

Baadaye amani ilipokuja kweli, wakubwa walipata ofisi na magari. Wapiganaji waliandikwa majina, wengine wakaingizwa jeshini, wengine wakapewa chochote warudi kwao. Wabeba mizigo hawakuwa kwenye orodha yoyote. Hakuna mkataba uliowataja.

Mwezi mmoja hivi baada ya Callixte kuchukuliwa, Bertrand alifika kwenye kibanda cha Dévote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ametoroka kwa komanda wake, miguu imevimba. Alisema Callixte ndiye aliyemwelekeza pale, akamtajia mtaa na namba ya nyumba.

"Na mwenyewe yuko wapi?" Dévote aliuliza.

"Hayupo tena, dada. Usimsubiri."

"Amekufaje?"

"Vita, dada."

 Jirani mmoja, Anastasie, aliyekuwa amekaa kambini kuliko wote, aliingia akamziba Dévote mdomo kwa kiganja. "Usilie. Ukilia, kesho watu wa mgao wanajua, kesho kutwa jina lake linafutwa kwenye kadi, na wewe una mtoto mchanga. Huyu hapa hana jina la kutumia, na wewe una jina lisilo na mtu. Mnashangaa nini?"

Kambi nzima ilifanya hivyo. Maiti walikula mgao miaka na miaka, na hakuna aliyeona ni dhambi. Jumanne iliyofuata Bertrand alisimama kwenye foleni, akaitwa Miburo, akaitika. Mwaka wa pili likatoka tangazo la kwenda Marekani na jina la Callixte likawamo, yeye kichwa cha familia. Wakaitwa kupigwa picha. Bertrand akakaa mbele ya kamera. Ilikuwa imeshachelewa kusema kitu kingine, maana faili likipoteza kichwa chake hurudi chini ya rundo, na rundo lile lilikuwa refu.

Kwa hiyo Dévote hakukaa matanga. Mwanamke hawezi kumkalia matanga mume ambaye watu wanamwona kila Jumanne kwenye foleni.

Dallas walikaa pamoja miezi minane, Bertrand akilala kwenye kochi. Kisha akasikia kazi ya lori Houston, akaondoka na jina. Huko jina lilinenepa. Akawa msoma masomo kanisani, akawa mweka hazina wa chama cha Warundi, mwishoni akawa mwenyekiti. Kila sikukuu ya uhuru alisimama kwenye ukumbi wa kukodi akasema vita havina faida, ndugu zangu, mimi nimeviona kwa macho. Watu walipiga makofi. Dévote alionyeshwa video hizo na watu wa Garland wakidhani wanamfurahisha. "Mama Ella, tazama mzee wako anavyoongea! Mtarudiana lini?"

Yeye alibaki na hasara ya jina lile. Ghalani kulikuwa na Mkenya, Njoroge, dereva wa forklift, mjane mwenzake kama angejua. Alimletea chai kwenye thermos miaka miwili.

"Sasa Dévote, wewe uko married ama hauko?"

"Niko."

"Na bwana ako wapi?"

"Houston."

"Anakuja lini?"

"Haji."

"Huyo si bwana, huyo ni hali ya hewa," Njoroge alisema. "Unasikia tu habari zake." Walicheka wote wawili. Hakuwa na namna ya kumweleza bila kulifungua faili lote. Njoroge alioa muuguzi wa Plano, na thermos ikahamia huko.

Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni Ella. Ella alikua akijua kwamba baba yake, Callixte Miburo, aliwatelekeza akaenda kujifanya mheshimiwa Houston. Dévote hakuwahi kumwambia vingine. Mtoto huropoka shuleni, na neno moja lingetosha kuwarudisha wote. Siku ya kumaliza shule ya sekondari mtu alimwambia Ella kwamba baba angejivuna. Ella alijibu kwa Kiingereza kwamba mtu huyo kwake ni takataka, na jina lake lisitajwe nyumbani kwao. Dévote Kiingereza cha namna hiyo alikielewa vizuri. Alikuwa ameketi hapo na maua mapajani, akisikiliza mume wake mfu akitukanwa na mtoto wake mwenyewe, kwa kosa la mtu mwingine.

Alichotaka ni kimoja: Callixte akaliwe matanga, na mtoto wake ndiye awe wa kwanza kuyakaa.

Nafasi ilikuja Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi. Bertrand aligonga mlango amevaa koti la suti, nyuma yake mwanamke wa miaka thelathini na kitu amebeba kreti ya Fanta na keki, kama wanavyofanya watu waliolelewa vizuri wanapokwenda kuomba jambo. Alikuwa Faustine, anafanya kazi hotelini Stafford, karibu na Houston. Walitaka kufunga ndoa baada ya Pasaka.

"Dada, hatujuani," Faustine alisema, mikono yote miwili imeshika mkono wa Dévote, "lakini nimeona si adabu nimtume peke yake. Mimi sikuvunja nyumba ya mtu. Nilikuta mmeshaachana."

"Hujavunja kitu," Dévote alisema. "Kaa."

Bertrand aliweka bahasha mezani. "Mama Ella, ni kitu kidogo. Unasaini hapa na hapa, mbele ya notari, yuko pale karibu na duka la Wavietnamu, nimeshapita kumwona. Dakika tano."

"Umetoka Houston na notari umeshamwona?"

"Nilitaka nisikusumbue."

"Miaka kumi na minane hujanisumbua. Nakushukuru."

Ella alikuwa chumbani akipiga pasi sare. Anauguza wazee kwenye nyumba moja Plano. Dévote alimwita. Alitoka, akamwona mgeni, akageuka kurudi.

"Ella, njoo ukae."

"Mom, nina shift."

"Shift ni saa nane. Kaa hapa karibu yangu."

Alikaa, akaangalia simu yake. Faustine alimsalimia, akajibiwa kwa kidevu.

Dévote akasema, "Nitasaini. Lakini kuna kazi inatangulia. Kwetu Makamba mtu akifa huwekewa matanga, na siku ya kuyaanua husimama mwanamume wa upande wa marehemu, akaeleza marehemu aliishije na alikufaje. Ndipo kinywaji kinazunguka, na mjane anaruhusiwa kuendelea. Kinywaji mmekuja nacho. Mwanamume wa upande wa marehemu hapa Texas hakuna hata mmoja. Kuna wewe. Simama, Bertrand."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa mbele ya mtu tangu kambini. Faustine aliangalia nyuma yake, kama kuna mtu ameingia.

"Bertrand ni nani?"

"Mama Ella," mwanamume alisema polepole, kwa Kirundi, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa sababu Ella Kirundi humpita. "Mama Ella, haya mambo si ya kuongea mbele ya mtoto. Unajua yanaweza kutupeleka wapi."

"Mtoto ana miaka ishirini na moja. Anawavisha wazee wa watu. Simama."

"Nani amekufa?" Ella aliuliza. Simu ilikuwa imeshuka.

"Baba yako," Dévote alisema. "Callixte. Huyu si yeye, na hakuwahi kuwa. Huyu alichukua jina lake ili apande ndege, na mimi nilimpa, ili wewe upande ndege. Sasa atatuambia alikufaje, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kumwona, na kwa miaka ishirini na moja amenijibu neno moja tu, vita."

Faustine alikuwa amejitenga naye kwa upana wa mto mmoja wa kochi. Bertrand aliona hilo. Pengine ndilo lililomsimamisha kuliko maneno ya Dévote. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua.

"Walikuwa wabebaji kumi na wanne," alianza. Sauti ya ukumbini haikuja. "Mimi nilikuwa mlinzi wao. Callixte alibeba unga. Alikuwa mtu wa vichekesho. Alimwita komanda wetu bibi harusi, kwa sababu alikuwa habebi kitu na wote tulimngojea." "Siku ya nne, baada ya kuvuka Malagarasi, homa ilimkamata. Tukampunguzia mzigo. Siku ya sita hakuweza kusimama. Komanda akasema asiyetembea asitucheleweshe, akaniangalia mimi. Maana yake niliijua. Wenzangu wakatangulia."

"Ulimpiga?" Dévote aliuliza.

"Hapana. Nilishindwa. Nilipiga risasi moja juu, komanda aisikie. Nikamwachia chupa yangu ya maji. Nikaondoka."

 Nje mtu alikuwa akipuliza majani kwa ile mashine yao.

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaongea?"

Bertrand alitazama kreti. "Alisema, mdogo wangu, niinue kidogo."

"Ukamwinua?"

"Hapana."

"Ulitoroka baada ya siku ngapi ukaja kwangu?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili. Kumbe ulijua ni porini wapi. Ukaniambia nisimsubiri."

"Ningekuambia nini, dada? Ungefanya nini, na mtoto mgongoni?"

"Ningekwenda," Dévote alisema. "Ningekuta mifupa, lakini ningekwenda."

Ella alikuwa amemshika mama yake kiwiko. "Mom. Kwa hiyo hakuna aliyemwona amekufa? Maybe yuko hai?"

Dévote alifikiri, na watu wakamngoja. Huu haukuwa msiba aliojiandaa nao. Alikuwa amejiandaa kwa risasi, au panga, au mto. Alikuwa ameandaa hata jibu la kumpa Bertrand kama angesema nilimuua mimi. Hakuandaa kitu kwa mtu aliyeachwa anaongea.

"Amekufa," alisema. "Homa ile, chupa moja, hana mtu. Angekuwa hai angerudi kwenye foleni kuniuliza kama nilishika nafasi yake. Amekufa."

"Nani amethibitisha?" Ella aliuliza.

"Mimi ni mke wake. Nimethibitisha."

Aliinuka, akafungua Fanta kwa ukingo wa meza, chupa tatu. Ya kwanza hupewa yule aliyesimama kusema habari za marehemu. Ndivyo ilivyo desturi. Alimpa Ella ya kwanza, Faustine ya pili, ya tatu akanywa mwenyewe. Bertrand alibaki wima bila kitu mkononi, hajui kama ameruhusiwa kukaa. Hakuna aliyemwambia.

Baada ya muda aliisogeza bahasha. "Nimefanya ulichotaka. Sasa saini, Mama Ella."

"Ella, nisomee wameandika nini."

Ella alisoma, akatafsiri. Dévote anaachana na Callixte Miburo, ndoa yao imeshindikana, hawapatani tena.

"Hapo sisaini."

"Uliahidi!"

"Niliahidi kabla hujaniambia ulimwacha anaongea. Mimi na Callixte hatujagombana. Mimi ni mjane, na hakuna notari wa kunitaliki kwa marehemu. Wewe kama unataka kuoa, oa. Bertrand hana mke popote. Nenda kwa padri ukamwambie unaitwa nani."

"Unajua siwezi."

"Basi hilo ni lako."

Bertrand aligeuka kwa Faustine kutafuta msaada. Faustine alikuwa ameweka chupa chini, funguo za gari ziko mkononi mwake. Alitaka kujua jambo moja. "Kwenu wanakuita Bertrand nani?"

Alimtajia. Faustine alilirudia jina lile lote taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Twende," alisema. "Naendesha mimi. Ni mwendo wa saa nne hadi Houston, utaniambia na mengine." Keki waliiacha.

Wiki hiyo Dévote alikwenda kazini kama kawaida. Alhamisi, baada ya zamu, alipita kanisani kwa Esperance, anayeandika nia za misa ya Kiswahili, ile ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ambayo hurushwa Facebook, na Warundi wa Houston huitazama kuliko hata wa Garland.

"Nia ya nini, dada?"

"Marehemu. Callixte Miburo."

Kalamu ya Esperance ilisimama. "Yesu wangu. Miburo? Wa Houston?"

"Mume wangu."

"Jamani, lini? Mbona kwenye group hawajasema?"

"Andika tu, Esperance. Nimesema amefariki."

Dévote aliona jinsi mwenzake alivyoelewa, na hakumrekebisha. Alijua pia kwamba jambo hili linaweza kufika mahali ambapo makaratasi yanafunguliwa upya, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya makaratasi hayo. Alilipima hilo siku tano, kwenye mstari wa filta, na jibu lilikuwa lile lile.

Jumapili padri alilisoma jina, lote, polepole, na watu wakaitikia apumzike kwa amani. Dévote alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Ella alikuwa pembeni yake, amebadilishana shift.

Walikuwa hawajatoka kwenye maegesho simu zilipoanza. Chama cha Houston kilikuwa kimeshaweka picha ya mwenyekiti wake na mshumaa. Watu walishaanza kupanga nani alete sufuria. Bertrand alipiga wa kwanza.

"Umefanya nini? Mimi niko kwenye foleni ya mafuta, watu wananipigia kuniuliza nimekufa saa ngapi! Kuna mama mmoja kapiga simu kwa Faustine analia, mimi niko hapo kando namsikia!"

"Poleni na msiba," Dévote alisema.

"Nitawaambia nini hawa watu?"

"Kilichotokea. Si ulishazoea kuhutubia."

Alikata. Zikafuata nyingine, kutoka Stafford, kutoka Plano, nyingine ya Anastasie kutoka Kanada ambaye aliuliza kwa sauti ya chini, "Yupi?" na alipojibiwa, "Wa kwanza," akapiga ukelele wa msiba, ule mrefu wa Makamba, ambao mwaka ule aliuziba kwa kiganja chake.

Sasa Dévote alikuwa anaendesha gari, kwa hiyo simu iliyofuata aliichukua Ella. Alikuwa mwanamke wa Houston wasiyemfahamu, mwenye pole nyingi na Kiswahili cha Bukavu. Alieleza kuwa mzee alikuwa mtu mwema sana, aliwasaidia wengi. Ella alimwacha amalize. Kisha mwanamke akauliza anaongea na nani, kama ni jamaa wa karibu au jirani.

Ella alibadilisha simu sikio.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi ni mtoto wake. Callixte ni baba yangu."